Digrii ya Mechi Ishirini na Tatu

Kwa miaka kumi na miwili mama yangu aliamini nina digrii, na kosa lilikuwa la kofia.

Mwaka 2013 nilikuwa nachezea timu ya taifa ya raga, jezi namba saba. Kwenye mchezo huu kuna desturi: ukishaichezea nchi yako unapewa kofia ya heshima, ya mahameli, ina kishada cha nyuzi za dhahabu kinaning'inia pembeni. Za kwetu alizishona fundi mmoja wa Arusha ambaye riziki yake yote ilikuwa kushona kofia za mahafali ya chekechea. Sasa wewe fikiria zilitokaje. Tukapewa na karatasi ya pongezi, imeviringishwa na kufungwa utepe mwekundu. Tukavaa makoti ya timu na tai, tukaingia studio, tukapigwa picha mmoja mmoja.

Ile picha niliipeleka nyumbani Muleba ili nimwambie mama ukweli. Haki ya Mungu, maneno nilikuwa nimeyapanga kwenye meli usiku kucha. Mama, anaitwa Leonsia, mjane wa Mwalimu Deodatus Rwehumbiza, akaitoa picha kwenye bahasha. Akaangalia kofia. Akaangalia kishada. Akaangalia karatasi yenye utepe. Akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Kabla sijafungua mdomo, uani kulikuwa na wanawake saba, na mmoja wao alikuwa anajaribu kunibeba mgongoni, na mimi nina kilo tisini na nne.

Nikasema moyoni, nitamwambia kesho.

Ukweli ni kwamba nilisoma ualimu wa jiografia hapa Mwanza mpaka mwaka wa tatu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwanafunzi mmoja kutoka Kisumu alikuja chuoni na mpira uliochongoka pande mbili kama papai. Mimi na rafiki yangu Nkwabi tulimwonea huruma, tukadhani umemharibikia njiani. Nkwabi ni Msukuma wa Magu, mwili kama kabati la nguo, wakati huo anasoma uhasibu. Mkisumu akatuelekeza: huu unarushwa kwa mikono, unaurusha nyuma tu, ila wewe mwenyewe unakimbilia mbele, na anayeushika unamwangusha. Nkwabi akauliza, "Unamwangusha halafu?" "Halafu basi, unaendelea." "Hushtakiwi?" "Hushtakiwi." Tukavua mashati.

Mwaka wa pili tukaitwa kambini Arusha. Mwaka wa tatu mechi ya Kampala ikagongana na mitihani. Nilikaa kitandani na ratiba mbili mkononi, ya mitihani na ya basi, na nikapanda basi. Nkwabi yeye alifanya mitihani yake mwaka uliofuata, akamaliza. Mimi nilisema nitairudia, ikaingia mechi nyingine, na nyingine, mpaka chuo kikanidisko, kikanifuta masomo, jina langu likatolewa ubaoni.

Mama hakuambiwa chochote. Tangu nilipovunjwa kidole kwenye kabumbu darasa la sita alikuwa amenikataza mchezo wowote unaohusu mpira. Kwa hiyo Kampala nilimwambia naenda mafunzo kwa vitendo. Kigali, mafunzo kwa vitendo. Lusaka, mafunzo kwa vitendo. Jino lilipotoka, nikasema nimegongwa na mlango wa maktaba. Sikio la kushoto lilipovimba likawa kama tangawizi, nikasema rafu ya vitabu imeniangukia. Bega lilipovunjika, nikasema nimedondoka kwenye ngazi, hapo hapo maktaba. Mama akawa anaamini kabisa kwamba chuo kikuu ni mahali pa hatari. Mtoto wa jirani alipochaguliwa kujiunga, mama alimnunulia plasta.

Nilistaafu mwaka 2019. Mechi ishirini na tatu, tumeshinda tisa. Siku hizi nauza sangara hapa Mwaloni, Kirumba, nina mzani wangu na majokofu mawili, namshukuru Mungu. Mama tulimleta Mwanza, anakaa na mimi na mke wangu Sabina kwenye nyumba ya juu mlimani, kwenye mawe. Ile picha aliitundika sebuleni, kati ya Bikira Maria na marehemu baba. Kila mgeni anaonyeshwa.

"Huyu ni msomi," anasema. "Hapo kwenye samaki amejishikiza tu. Anasubiri ajira."

Miaka yote hiyo ameilaumu serikali kwa kutoniajiri. Amesali novena tatu, zile sala za siku tisa. Waziri akitangaza nafasi za walimu redioni, mama anaongeza sauti na kuniangalia. Sabina naye ananiangalia. Sabina alijua tangu tunachumbiana, na msimamo wake ulikuwa mmoja: "Hilo lako, Longino. Mimi siku likilipuka nitakuwa kwa mama yangu."

Likaja kulipuka mwezi wa tisa mwaka huu. Mama alikuwa na ahadi kwa Mungu: siku nikiajiriwa atatoa misa ya shukrani kwa ajili ya digrii yangu. Sisi Wahaya msomi hapiti hivi hivi, lazima aimbiwe, na watu wale chakula. Basi mama katimiza miaka sabini, akasema hataki kufa anaisubiri serikali. Akaenda ofisi ya parokia, akaandikisha misa ya Jumapili. Akaiambia jumuiya yetu ya sala. Ndizi zikaagizwa Muleba, zikashuka na meli. Bernadeta, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye ndiye anatunza sufuria kubwa za sherehe, akazileta mwenyewe kwa guta la magurudumu matatu. Mimi nilikuwa natabasamu tu kama mgombea.

Ijumaa mchana Yeremia, katekista wetu, akanipigia simu. "Mwalimu Longino, Paroko anasema uje na cheti chenyewe. Kitabarikiwa altareni, mama yako akiwa amekishika."

Hapo tabasamu likakata. Mimi nikiumbuka ni sawa, nimezoea kudondoka. Ila mama yangu asimame mbele ya altare, mbele ya parokia nzima, ameshika karatasi hewa? Miaka sabini hajawahi kukopa hata chumvi bila kurudisha. Ningemfanya mwongo kanisani.

Jioni nikamkuta anachambua mchele.

"Mama, nina neno."

"Sema, baba."

"Sina digrii."

Akacheka mpaka ungo ukamwaga mchele. "Na jiwe haliuzwi!"

Hapa inabidi nieleze. Mimi mtaani nina historia. Mwaka juzi niliandika kwa rangi nyekundu kwenye lile jiwe kubwa kama ghorofa lililo juu ya nyumba yetu: JIWE HILI HALIUZWI. Wiki haikuisha, madalali wawili walikuja kuuliza namba ya mwenye jiwe. Kabla ya hapo niliingiza simu yangu ndani ya tumbo la sangara pale mnadani, Nkwabi akaipiga, samaki akaita mbele za wateja. Mama mmoja alikimbia akaacha viatu. Kwa hiyo nikisema jambo, watu wa Kirumba huangalia kwanza nyuma yao.

"Mama, sitanii. Nilidisko. Nilikuwa nacheza raga."

"Acha nimalize mchele, mwanangu, utaniua kwa kucheka kabla ya misa."

Nikamwita Nkwabi awe shahidi. Akaja mbio kutoka Nyamagana, ana kazi benki, amevaa tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nkwabi. Simu yako leo iko tumboni mwa nani?"

"Mama, haya ni mambo mazito. Mimi na huyu tumechezea timu ya taifa."

"Na mimi nilikuwa golikipa wa Vatikani. Kaa, unywe chai."

Nkwabi akatoa simu, akamwonyesha video ya mechi ya zamani. Ilichukuliwa kwenye mvua, watu thelathini wote rangi moja ya matope.

"Wewe uko wapi hapo?"

"Yule wa chini," nikasema.

"Chini ya nani?"

"Chini ya wale wanane."

Akamrudishia Nkwabi simu yake kwa upole, kama mtu anayemrudishia mlevi funguo. "Mzuri huo mchezo. Sasa mniache, nina wageni kesho."

Nkwabi alipokuwa anavaa viatu mlangoni akaninong'oneza, "Ngosha, mwanaume mwenzangu, kukosa digrii sikuwahi kujua kuna ugumu namna hii. Hata cheti cha kukosa hawatoi."

Jumamosi asubuhi uani palikuwa pamejaa wanawake wa jumuiya wanamenya ndizi na kuimba. Mama alikuwa katikati, ana kanga mpya, anapanga nani atakaa wapi. Nikamwomba aingie ndani. Nikafunga mlango. Nikamkalisha kwenye kochi, na mimi nikapiga magoti chini, kitu ambacho sijafanya tangu komunyo ya kwanza.

"Longino, nina ndizi mikungu kumi pale nje."

"Mama, hili jino. Siyo mlango wa maktaba. Ni goti la mtu wa Burundi, anaitwa Claude, aliniomba msamaha baadaye, tukala naye chipsi."

"Haya."

"Hili sikio, siyo rafu ya vitabu. Ni kusukumana. Mnaingiza vichwa katikati ya vichwa vya wenzenu, mnasukuma. Mama, ile maktaba haina hata ngazi. Ni ya chini tupu."

Alikuwa bado ana kicheko mdomoni, anasubiri niangue na mimi.

"Hili bega," nikasema. "Ulipokuja kuniuguza."

Mwaka 2012 alipanda meli kutoka Bukoba, akaja kwenye chumba changu cha kupanga, akaniosha na kunilisha kwa kijiko wiki tatu. Alilala chini kwenye mkeka, mimi kitandani.

"Ile Jumamosi nililia, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulikuwa unaumwa sana. Nilisali rozari mpaka jioni."

"Nilikuwa siumwi, mama. Siku ile wenzangu walikuwa wanacheza Lusaka, na jezi yangu alikuwa ameivaa mtu mwingine. Ile simu iliyopigwa saa kumi na mbili alikuwa Nkwabi. Nilikwambia ni mhadhiri, anatoa matokeo. Ukaniuliza, umefaulu? Nikakwambia, tumefaulu. Walikuwa wameshinda, mama. Ishirini na mbili kwa kumi na tisa. Nililia kwa sababu tulishinda na mimi sikuwepo."

Hilo la simu tulikuwa tunalijua wawili tu, mimi na yeye. Sikuwahi kulisimulia hata kwa Sabina. Kicheko kikamtoka usoni polepole. Nje walikuwa wamebadilisha wimbo.

"Tumefaulu," akasema. "Ulisema tumefaulu. Nikajiuliza, mbona wengi."

Akaangalia picha ukutani, akaangalia kofia. Nilitaka anipige. Angenipiga ningepumua.

"Ajira," akasema. "Nimemlaumu waziri."

"Ndiyo, mama."

"Mawaziri wanne."

"Ndiyo, mama."

"Na watu wako nje wanamenya ndizi. Paroko ameshaandaa misa." Akanigeukia. "Sasa niambie wewe mwenyewe. Kesho tunashukuru nini?"

Utani ulinijia, tena mzuri, ukafika kwenye ulimi. Nikaumeza. Ni kitu kigumu kuliko kuangushwa na Claude.

Nikamwambia ninachoshukuru mimi. Nikamwambia Kampala, mvua inanyesha, tumesimama mstari mmoja watu kumi na tano tumeshikana mabega, wimbo wa taifa unapigwa kwenye spika mbovu, kulia kwangu Mchaga, kushoto kwangu Mmakonde, na hakuna aliyewahi kunikimbia nikiwa chini. Nikamwambia kazi yangu ilikuwa kuangusha mtu halafu kuamka kabla yake, na kwamba kuamka ndiko kulikuwa kipaji changu, na hiyo miguu na mifupa sikuipata chuoni, niliipata kwa ndizi zake na maharage yake. Nikamwambia nimevuka mipaka mitano bila nauli ya mtu wa kwetu. Nikamwambia kwamba leo nikibishana na mtu mnadani siogopi, na nikikosa wateja siku tatu silali na hofu, kwa sababu nimeshafungwa mechi kumi na nne na kila mara Jumatatu ilifika. Nikamwambia sijutii kupanda lile basi. Najutia bahasha. Ningemwambia siku ile ya bahasha.

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Baba yako angekuchapa," akasema.

"Angenichapa."

"Akishamaliza kukuchapa angeuliza kama mlishinda." Akasimama. "Vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Jumuiya ina kaya kumi na moja. Wote niliwaalika kwa mdomo wangu, nyumba kwa nyumba. Hawatasikia hili kanisani, wala uani juu ya maganda; kila kaya nyumbani kwake."

Nikadhani ananipa adhabu. Baadaye ndiyo nilielewa adhabu alijibebesha yeye.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Kashindye, fundi saa. Nikamwamkia, nikamwambia, mzee, nimekuja kukiri, sina digrii. Kashindye akacheka akapiga goti lake. "Huyu mtoto! Hata kesho kwenye misa yake anatania! Bei ya jiwe imefika ngapi?" Nikaapa. Akacheka zaidi.

Mama akasogea mbele. "Kashindye, ni kweli. Niliona picha nikakosea, na yeye akaniacha nikosee. Mwanangu hakumaliza chuo. Alikuwa anachezea timu ya taifa ya raga. Misa ipo. Ukija, uje ukijua."

Kashindye akaacha kucheka. Kumbe neno langu halina thamani mpaka mama aligongee muhuri.

Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Tunapanda mawe, tunashuka mawe, jua la saa sita. Mimi nasema, watu wanacheka, mama anasema, watu wananyamaza. Kila mlango anaanza na lile lile: nilikosea. Nyumba ya nne mwanamke mmoja aliguna, akasema, "Si ulisema msomi?" Mama akasema, "Nilisema." Nyumba ya sita walimwomba akae apumzike, akakataa. Nikamwambia mama, kaa hapa kivulini, hizi zilizobaki nitamaliza mwenyewe.

"Nani atakuamini?" akaniuliza, wala hakuwa na hasira. Tukaendelea. Nilimshika mkono kwenye mawe ya kuteleza, na nikagundua mkono wake umekuwa mwepesi. Nilishukuru pale pale, bila misa, kwamba sikuchelewa zaidi.

Ya mwisho ilikuwa ya Bernadeta. Mama alikuwa ameiacha makusudi. Hawa wawili wanapendana, ila Bernadeta ana kijana mwenye digrii mbili, yuko Dodoma, na hiyo ya pili mama hulazimishwa kuisikia kila Jumatano kwenye sala.

Bernadeta alitusikiliza wima, mikono kiunoni. Yeye peke yake hakucheka.

"Leonsia," akasema, "na sufuria zangu zimeshawekwa mafigani."

"Zimewekwa. Ukizitaka, Longino atazirudisha sasa hivi. Kwa kichwa."

"Jumuiya nzima tumeambiwa mhitimu."

"Mliambiwa na mimi."

Bernadeta akanigeukia, akanikagua kuanzia sikio lile la tangawizi mpaka viatu. "Wewe. Huko mlikocheza, walikuwa wanawapigia wimbo wa taifa?"

"Ndiyo, mama. Kabla ya kila mechi."

"Wenyewe kabisa? Watu wamesimama?"

"Wamesimama. Hata wapinzani."

"Na mlikuwa mnaimba?"

"Tunaimba. Nkwabi anaukosea ubeti wa pili, ila anaukosea kwa sauti."

Akafikiri. Kuku wake wawili walipita katikati yetu, hakuwafukuza.

"Wa kwangu ana digrii mbili," akasema, "na hakuna mtu amewahi kusimama akampigia wimbo wa taifa." Akarekebisha kitenge chake. "Sufuria zibaki. Ila wewe Longino kesho utaziosha. Zote. Na masizi."

"Asante, mama."

"Usiniambie asante. Ukome kuingiza simu kwenye samaki, yule aliyeacha viatu alikuwa dada yangu."

Mama alicheka. Kicheko kifupi, cha kwanza tangu asubuhi, na mimi nikahisi kama nimetolewa watu wanane juu ya mgongo.

Tukashuka ofisi ya parokia. Yeremia akafungua daftari la nia za misa, kalamu mkononi, akasubiri. Mama akamwambia afute kuhitimu.

"Niandike nini, mama Leonsia?"

"Andika, shukrani ya familia ya marehemu Mwalimu Deodatus, kwa mtoto wao kuichezea nchi mechi ishirini na tatu na kurudi salama."

Yeremia akaandika, ulimi umetoka pembeni. "Zote mlishinda?"

"Tisa," nikasema.

Akainua kalamu. "Basi tushukuru tisa?"

"Ishirini na tatu," mama akasema. "Kurudi alirudi zote."

Tulipotoka nje ilikuwa inakaribia saa kumi. Ziwa linang'aa chini kule, harufu ya dagaa inapanda kutoka Mwaloni. Nilidhani tunarudi kwenye ndizi. Mama akasimama kwenye kona.

"Hiyo raga imekufa au bado ipo?"

"Ipo, mama. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi na Nkwabi, uwanja wa shule hapo chini. Kuna wapakuaji wa samaki, bodaboda, kuna nesi mmoja, kuna fundi bomba."

"Unacheza na wewe? Na umri huo?"

"Nafundisha. Wakipungua, nacheza."

"Leo?"

"Leo wapo, lakini ndizi..."

"Ndizi zina watu," akasema. "Twende."

Uwanja ni vumbi tupu na mawe mawili ambayo huwa tunayakwepa. Nkwabi alipomwona mama aliganda, tai yake ya benki ameibadilisha na kaptula, mapaja nje. Akaamkia kwa mbali, anashusha kaptula kwa mikono miwili. Mama akakaa kwenye jiwe pembeni, karibu na muuza karanga. Akakunja miguu, akafunga kanga vizuri, kama yuko kanisani.

Walikuwa wamepungua mmoja. Nikaingia.

Kwa dakika kumi nilicheza kama mtu anayefanya mtihani, na kweli nilikuwa nafanya. Halafu mpira ukanijia, nikaukumbatia, nikakimbia, na yule fundi bomba, kijana wa miaka ishirini na tano, bega kama boliti ya reli, akanichukua kiunoni. Nilienda juu. Niliuona mlima, nikaona mawe, nikaona anga yote ya Mwanza, kisha nikatua kwa mgongo, puu, vumbi likapanda.

Nikiwa chini nikasikia kelele ya mama. Mara ya kwanza maishani mwangu, miaka thelathini na saba, mechi ishirini na tatu, nimeanguka na mama yangu anaona. Niligeuza kichwa. Alikuwa amesimama, mikono kichwani, hatua mbili ndani ya uwanja, anakuja kuniokota.

Nikaamka. Sijawahi kuamka haraka vile, hata Kampala. Nikauokota mpira, nikamrushia Nkwabi nyuma yangu, nikakimbia tena, na mbavu zinaniuma kweli kweli.

Mama alisimama pale kwenye mstari muda kidogo. Akashusha mikono. Akarudi kwenye jiwe, akakaa, akanunua karanga.

Muuza karanga, kijana wa watu asiyenijua, akamuuliza kwa sauti ambayo niliisikia kutoka katikati ya uwanja: "Mama, huyo mzee anayeangushwaangushwa na watoto ni nani?"

"Huyo?" Mama alimimina karanga kiganjani, akazipuliza maganda. "Huyo ni wangu. Kachezea taifa."